Tairi "jipya" la mwaka 2012

Gari letu lilipopinduka kwa sababu ya tairi, kila aliyekuja kutupa pole alisema ajali haina kinga. Walisema kwa nia njema, na wodini maneno hayo yanatuliza kweli. Ila muuza matairi aliyetuuzia lile tairi naye aliniambia hivyo hivyo, akaongeza kuwa ni mipango ya Mungu, huku akiisukuma risiti yangu inirudie mezani. Nilitoka dukani kwake nikitetemeka kwa hasira. Mungu hakumtuma mtu auze mwaka 2021 tairi lililotengenezwa mwaka 2012 na aliite jipya.

Nayaandika haya kwa mwenye gari, dereva au abiria aliye pale tulipokuwa sisi: gari liko kituo cha polisi, mgonjwa yuko hospitalini, na kila unayemuuliza nani atalipa anamnyooshea kidole mwingine. Mimi si mwanasheria, nashona sare za shule. Ninachosimulia kuhusu sheria ni kile alichotueleza wakili na nikakiona kikifanya kazi, huku Tanzania Bara.

Gari lilikuwa Toyota Noah la familia, lenye bima ndogo, ile inayolipa madhara ya watu wengine tu. Novemba 2021 tulilinunulia matairi mawili ya nyuma, saizi 195/65R15, shilingi 150,000 kila moja, katika duka moja la Dar es Salaam. Silitaji kwa sababu makubaliano tuliyosaini baadaye yananizuia, na pia kwa sababu maduka ya namna ile yako kila mji. Matairi yaling'aa. Yalikuwa na vile vinywele vya mpira vinavyochomoza kwenye kashata, yaani meno ya tairi yanayokanyaga barabara, ambavyo wengi wetu tunavihesabu kuwa cheti cha upya. Fundi wa duka akayafunga, akapiga balansi, tukapewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, tukaondoka.

Desemba ya mwaka uliofuata tukasafiri kwenda Lushoto kwa sikukuu. Tulikuwa watu saba, mdogo wangu akiendesha, mimi mbele, shangazi kiti cha katikati dirishani. Baada ya kuvuka Wami ukaanza mtetemo mdogo upande wa nyuma, unaokuja gari likifika kama kilomita sitini kwa saa na kupotea ukipunguza mwendo. Tukasimama Segera. Fundi pancha akapiga jeki, akazungusha magurudumu ya nyuma, akapima upepo. "Upepo uko sawa, dada. Hii ni balansi tu, mkifika mjini mtapiga." Nikamlipa shilingi 3,000 kwa M-Pesa kwa kuwa sikuwa na hela ndogo mkononi. Ujumbe ule wa M-Pesa ulikuja kuwa karatasi yenye thamani kubwa katika faili letu.

Kati ya Korogwe na Mombo, kwenye mashamba ya mkonge, ikaanza pa-pa-pa-pa chini ya sakafu, kisha mlio mmoja mkubwa. Mdogo wangu hakukanyaga breki. Alikaza usukani na kuachia mafuta, na hivyo ndivyo inavyotakiwa tairi la nyuma likienda, maana breki ya ghafla ndiyo inayomalizia kulipindua gari. Haikutosha. Nyuma ilikwisha kuserereka, gari likageuka, likatoka barabarani na kulala ubavu. Sisi wengine tulitoka na michubuko na maumivu. Shangazi alivunjika mfupa wa paja.

Watu wa Mombo na Korogwe Mungu awabariki. Walitutoa garini, wakatukusanyia mizigo, hakuna kilichopotea. Na kijana mmoja wa bodaboda alifanya jambo ambalo sisi tusingelikumbuka katika hali ile: alipiga picha. Hakupiga gari peke yake. Alirudi nyuma barabarani akapiga picha ya utepe mrefu wa kashata uliokuwa umelala peke yake kwenye lami, kisha akaja nao. Baadaye mtaalamu alituonyesha kwa nini picha ile ilikuwa na uzito. Utepe ulikuwa nyuma ya mahali alama za gari kuserereka zilipoanzia. Maana yake kashata zilibanduka kwanza, ndipo gari likayumba. Kama tairi lingepasuka kwa sababu ya kupinduka, vipande vingekuwa mtaroni pamoja na gari. Ukiweza kusimama baada ya ajali, au ukiwa na mwenzako mzima, piga picha kuanzia mbali: vipande vya mpira, alama za lami, mashimo, kibao cha kilomita, halafu ndipo upige gari. Magari yakishapita dakika chache, utepe huo husukumwa pembeni na ushahidi umekwisha.

Polisi walikuja, wakapima, wakachora ramani ya ajali. Shangazi alipatiwa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, akapelekwa hospitali ya wilaya, na baadaye akahamishiwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, akawekewa chuma pajani. Kituoni neno la kwanza lililoandikwa lilikuwa mwendokasi. Simlaumu askari, dereva kijana, gari limepinduka, barabara imenyooka, ndiyo dhana inayokuja kwanza. Lakini dhana ikishaingia kwenye maelezo uliyoyasaini ni kazi kuitoa. Soma maelezo yako yote kabla ya kusaini, na kama umechanganyikiwa omba yasomwe kwa sauti mbele ya ndugu. Mdogo wangu aliomba yaongezwe mambo matatu: mtetemo, kusimama Segera, na mlio kabla ya gari kuyumba. Yakaongezwa.

Kuna jamaa pale kituoni alimshauri mdogo wangu akubali tu kosa la uzembe, alipe faini, tuondoke tukamuuguze mgonjwa. Ushauri huo unavutia sana ukiwa umechoka. Wakili alipousikia alishika kichwa. Ukitiwa hatiani kwa kuendesha kizembe, Sheria ya Ushahidi inaipa hukumu hiyo nguvu hata kwenye kesi ya madai, na muuza tairi atakuja nayo mahakamani akicheka. Kama kosa ni lako kweli, likubali. Usilikubali kwa ajili ya kuwahi basi.

Sasa tairi lenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Mkaguzi wa magari wa polisi alipomaliza kazi yake, gari lilibaki uani kituoni. Nilipofika kuchukua vitu vyetu nilimkuta kijana akimwuliza fundi wetu bei ya lile tairi. Kijana huyo anatengeneza katambuga, viatu vya tairi. Kwake tairi lililopasuka ni mali: sehemu moja inatoa nyayo, mpira uliobaki unakatwa kamba za kufungia mizigo. Fundi alikuwa ameshakubali, kwani kwa mazoea takataka za gari bovu ni za fundi. Nikafika wakiwa kwenye hesabu za mwisho. Huwa nawaza ni kesi ngapi nchi hii zimeishia miguuni mwa watu namna hiyo, na watu wanatembelea ushahidi bila kujua.

Tuliomba kukabidhiwa tairi kwa maandishi, tukapewa. Tukaliacha kwenye ringi yake vilevile, bila kulivua wala kulisafisha, tukalitia kwenye gunia pamoja na utepe wa kashata, tukaandika tarehe, tukasaini watu watatu, tukalifungia stoo ya mjomba ambako jua halifiki. Tairi la pili la nyuma, lile zima, nalo tukalitoa na kulihifadhi. Hilo ndilo wengi hulisahau. Pacha wa tairi lililoharibika anaweza kusema mengi kuliko hata lile lililochanika, kwa kuwa yeye hakupitia ajali.

Ndipo mtu mmoja ukoo mzima, binamu yangu anayeendesha malori, akaniambia, "Umesoma tarehe?" Nilikuwa sijui kama tairi lina tarehe. Ubavuni kuna herufi DOT zikifuatiwa na mlolongo wa herufi na namba, na tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Utaratibu huu wa tarakimu nne ulianza mwaka 2000. Yetu yote mawili yalisomeka 2912. Wiki ya 29 ya mwaka 2012, yaani Julai. Siku tuliyoyanunua yalikuwa na miaka tisa na zaidi. Siku ya ajali yalikuwa yameshapita kumi. Na kwa nini hatukuiona? Kwa sababu mlolongo kamili wenye tarehe unaweza kuandikwa upande mmoja tu wa tairi, na upande huo ulikuwa umegeuziwa ndani. Ukitaka kuusoma unalala chini ya gari na tochi. Kwa hiyo soma kabla tairi halijafungwa, na mwambie fundi aliweke upande wa tarehe nje. Kama tarakimu zimekwanguliwa, toka dukani.

Muuzaji alishikilia kwamba kashata zilikuwa bado nene. Ni kweli, zilikuwa nene. Umri wa tairi hausomwi kwenye kashata. Ndani ya tairi kuna mikanda ya nyaya za chuma iliyolala mmoja juu ya mwenzake na kushikwa na mpira. Hewa na joto huukausha mpira huo hata tairi likiwa limesimama dukani, tena kwenye mabati ya Dar es Salaam. Ukishakauka, mikanda huanza kuachana kidogokidogo kuanzia kingoni, na kila mzunguko huongeza joto. Ule mtetemo wa Wami ulikuwa mikanda ikiachana. Kampuni ya Michelin hushauri tairi liondolewe likifika miaka kumi tangu litengenezwe hata kama linaonekana zima, na watengenezaji kadhaa wa magari hushauri miaka sita. Tairi kipara kila mtu analijua na trafiki atalikamata. Tairi zee lenye kashata nzima linapita kila kizuizi.

Nikarudi dukani na picha. Ndiyo siku ya mipango ya Mungu. Lakini baada ya siku chache yule bwana akapiga simu kwa sauti ya upole kabisa: "Dada, lete hilo tairi, tutalirudisha kwa mwagizaji likakaguliwe, wewe tukupe mawili mapya bure." Nusura mume wangu alipeleke. Mapya bure! Wakili akasema kwa kifupi: tairi likiondoka, kesi imeondoka. Anayetaka kulikagua aje alipo, mbele ya watu, kwa barua.

Wakili tulimpata kupitia kanisani, na kikao cha kwanza alikitumia kutuchorea nani anaweza kuwajibika: dereva, mwenye gari, fundi wa Segera, muuzaji, mwagizaji, kiwanda. Nilidhani kusema "tairi lilipasuka" kunamtoa dereva na mwenye gari moja kwa moja. Hakuwatoi. Sheria ya Usalama Barabarani inamtaka mwenye gari asiliingize barabarani likiwa bovu, na tairi ni sehemu ya gari. Akatusimulia kesi ya Uingereza ya mwaka 1950, Barkway dhidi ya South Wales Transport, ambayo mahakama zetu hazifungwi nayo lakini huweza kujifunza kwayo. Basi lilipasuka tairi, likavuka barabara na kuporomoka, watu wakafa. Kampuni ikajitetea kwamba tairi lilikuwa na jeraha la ndani lisiloonekana kwa nje. Majaji wakasema jeraha la namna hiyo hutokana na pigo kubwa la barabarani, na nyinyi hamkuwa na utaratibu wa kuwataka madereva waripoti mapigo hayo, lipeni. Swali basi si tu kama tairi lilipasuka, ni ulifanya nini kabla halijapasuka.

Hapo ndipo shilingi 3,000 za Segera zilipopanda thamani. Upande wa pili walisema tulipuuza mtetemo. Tukaonyesha ujumbe wa M-Pesa wenye saa, jina na namba. Kwa namba hiyo fundi akapatikana, naye, mtu muungwana, akakubali kueleza kwamba tulisimama, alipima upepo ukawa sawa, na yeye ndiye aliyetwambia tuendelee. Fundi mtaani hatoi risiti. Mlipe kwa simu.

Kwa muuzaji njia ilikuwa mbili. Mimi niliyenunua nina mkataba naye, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema bidhaa iliyonunuliwa kwa mtu anayefanya biashara hiyo lazima ifae kwa kazi uliyomwambia na iwe na ubora wa kuuzika. Kuna tundu moja: kama ulilikagua mwenyewe, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Wakawa wanasema tarehe ipo, ungeisoma. Wakili akajibu kwamba mnunuzi wa kawaida hawezi kutarajiwa kusoma maandishi ambayo fundi wa duka ameyageuzia ndani. Kuhusu yale maneno yaliyogongwa mhuri kwenye risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi", alisema hayo ni ya mtu aliyebadili mawazo kuhusu rangi ya shati.

Shangazi hakununua chochote kwa mtu. Hana mkataba na duka wala kiwanda. Kwake msingi ni ile kesi ya konokono ambayo kila mwanafunzi wa sheria huianza nayo: mwanamke wa Scotland alinunuliwa soda na rafiki yake, ndani ya chupa mkawa na mabaki ya konokono, naye kwa kuwa hakulipa hela hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 ikaamuliwa kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa yule atakayeitumia bidhaa, hata kama si aliyeinunua. Kwa njia hiyo abiria aliyelala wodini ana haki yake mwenyewe, haihitaji kupita kwangu.

Kiwanda tulikiacha. Kiko mbali Asia, na ingebidi tuthibitishe kwamba tairi lilitoka kiwandani likiwa na kasoro, wakati ushahidi wetu ulikuwa wa uzee. Hata Wamarekani walihangaika na hilo. Mwaka 2000 Firestone iliita irudishwe mamilioni ya matairi, takriban milioni 6.5, baada ya kashata kubanduka, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer zilizopinduka. Firestone wakasema kosa ni la gari, na kwamba Ford imeshauri upepo mdogo mno wa PSI 26; Ford wakasema kosa ni la tairi. Mwaka uliofuata urafiki wa kibiashara wa karibu miaka mia kati ya kampuni hizo ukavunjika. Nilipoyasoma hayo nilicheka, kwa kuwa ndiyo maneno niliyokuwa nayasikia kutoka kwa mwenye duka na mwagizaji wake.

Bima ndiyo iliyotugawa kama ukoo. Nilidhani bima ndogo ipo ili abiria akiumia alipwe. Anaweza kulipwa, lakini kwa sababu dereva wako amefanya uzembe. Kama dereva hakukosea, kampuni ya bima inasema haina cha kulipa. Fikiria: ili shangazi alipwe na bima, lazima aseme mdogo wangu, mtoto wa kaka yake, aliendesha kizembe. Na ili sisi tushinde dhidi ya duka, lazima tuseme hakukosea. Watoto wa shangazi walipotueleza kwamba wakili wao amewaambia watushtaki na sisi pia, mama alilia. Kikao cha ukoo kilifanyika, maneno yalisemwa, wengine hawakusalimiana Pasaka nzima. Shangazi mwenyewe ndiye aliyetuliza: "Mwanangu, mimi sina ugomvi na huyu kijana. Nina ugomvi na huu mguu."

Wakili wetu alieleza tena kwa subira. Wakili mmoja hawezi kumwakilisha mwenye gari na abiria aliyeumia, masilahi yao hayafanani hata kama wanakula sahani moja. Abiria anashtaki wote wawili, dereva na muuzaji, ili mahakama ndiyo igawe lawama. Akimshtaki mmoja, yule atasema kosa ni la yule asiyekuwepo. Kuandikwa mshtakiwa kwenye kesi ya ndugu yako si uadui, na anayelipa ni bima. Laiti tungejua hili kabla ya kikao kile.

Na bima nao walikuwa na swali lao la kwanza: abiria walilipa nauli? Binamu mmoja akajibu kwa simu, bila kuwaza, "Tulichanga." Tulichanga mafuta, kama familia zote. Ilichukua barua kadhaa kueleza kwamba kuchangia mafuta kwenda nyumbani si kubeba abiria kwa kukodi. Gari binafsi likibeba watu kwa nauli bila leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na bima ya aina hiyo, kampuni ina mlango wa kutokea. Basi chagua mtu mmoja wa kuongea na bima, na ataje mambo kama yalivyo. Mkikwama nao, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Halafu wewe wa bima kubwa, inayolipa na gari lako mwenyewe, usijisahau: kwa kawaida tairi lenyewe likipasuka halilipwi, hulipwa madhara ya gari.

Mtaalamu wetu alikuwa mwalimu wa uhandisi wa mitambo. Alitoza 800,000, na niliona nyingi hadi nilipomwona akifanya kazi. Tuliwaalika duka kwa barua, wakamtuma mtu wao, gunia likafunguliwa mbele ya wote. Alitafuta kwanza dalili za kutuhukumu sisi. Tairi lililoendeshwa bila upepo wa kutosha huachwa na mkwaruzo wa duara ndani ya ubavu na unga mweusi wa mpira, haukuwepo. Lililotobolewa na msumari huingiza maji na nyaya zikashika kutu kuanzia tundu. Hapakuwa na tundu wala kiraka. Kisha akatuonyesha sehemu ambazo mikanda ilikuwa imesuguana hadi ikawa laini, ishara kwamba iliachana muda mrefu kabla ya siku ile. Tairi pacha nalo lilikuwa na nyufa katikati ya kashata. Kuhusu mzigo, alichukua namba 91 iliyo ubavuni baada ya saizi, ambayo ni kilo 615 kwa kila tairi, akapiga hesabu ya gari, watu saba na mabegi. Tulikuwa ndani. Mwendo alisema hawezi kuuthibitisha kwa tairi peke yake, na nilimheshimu kwa kulisema hilo.

Risiti yetu ya EFD ilikuwa imeshafifia, karatasi zile hupauka upesi. Ila namba ya uhakiki ilisomeka, na kwa hiyo ikapatikana kwenye mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato. Toa kopi siku ileile uliyonunua, na umwambie muuzaji aandike saizi, jina la tairi na tarakimu nne. Tulipeleka pia malalamiko Tume ya Ushindani na TBS, shirika la viwango, tukabaki na nakala zenye mhuri wa kupokelewa.

Kesi haikufika kwenye ushahidi. Mahakamani kwanza kuna usuluhishi, nako duka lilipoisoma ripoti ya mtaalamu lilibadili sauti. Makubaliano: milioni 14 kwa shangazi kwa awamu tatu, milioni 4 kwetu kwa ajili ya gari, bima ikaongeza milioni 3 kwa shangazi bila kukiri kosa, kila mtu akabeba gharama zake. Hati ilisajiliwa mahakamani, kwa hiyo wasipolipa hatuanzi kesi upya, tunaomba utekelezaji. Sisi kwa wakili, mtaalamu, gari la kuvuta na nauli tulitumia zaidi ya milioni 3. Noah tuliliuza kwa wauza spea. Kwa hesabu ya fedha sisi wenye gari tulipata hasara, hilo lazima niliseme. Shangazi anatembea, kwa fimbo siku za baridi ya Lushoto.

Jirani yetu mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma hakudai chochote, alisema bega litapona. Halijapona. Madai ya kuumizwa kwa uzembe yana miaka mitatu, ya mkataba yana sita, na yeye hana mkataba na mtu, kwa hiyo muda wake ulihesabiwa hadi Desemba 2025. Nilimpa nakala ya ripoti, picha za kijana wa bodaboda na namba ya wakili asiye wetu. Tulikubaliana tairi lisitupwe hadi aamue.